Maneno Matatu Ukutani

Msomaji wangu, tumezoea kuhakiki mashairi na hadithi, tukauliza nani asema, asema na nani, na kwa nia gani. Leo nakuomba tuhakiki utungo mfupi usio na jina la mtungaji, lakini usomwao na watu wengi kuliko diwani nyingi. Nenda Eastleigh, Nairobi, upite First Avenue na Jam Street, uingie duka la nguo au la viatu, kisha uinue macho. Aghalabu utaukuta ukutani, na pengine chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Kwanza tuusifu. Maneno ni matatu tu, hayana ugumu, nayo yana mwendo wa methali. Mtoto huyashika mara moja. Na hapo ndipo penye hila yake. Methali huonya tajiri na maskini sawasawa. Utungo huu wamfunga mmoja na kumfungua mwingine. Tazama kitenzi "hairudishwi". Ni kauli ya kutendwa, na ndani yake mkatazaji amejificha. Laiti ungeandikwa, "Mimi mwenye duka siipokei mali niliyokuuzia, hata ikiwa mbovu," mnunuzi angeuliza, "Kwa amri ya nani?"

Swali hilo lina jibu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 46, yampa mnunuzi haki ya kupata mali yenye ubora unaostahili, haki ya kuelezwa ayapaswayo kuyajua, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro za mali. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 yaongeza kuwa mwuzaji huhesabiwa amedhamini ubora wa mali yake, na sharti lolote la kuiondoa dhamana hiyo ni batili. Basi ukinunua viatu Jumamosi, na Jumanne soli ikabanduka ukienda shule, maneno ya ukutani hayana nguvu juu yako.

Walakini insafu yataka tuutazame upande wa pili. Ukivirudisha viatu vizima kwa kuwa rangi imekuchosha, mwenye duka aweza kukukatalia, wala hajakosa. Eastleigh imejengwa kwa bidii ya wauzaji. Garissa Lodge, iliyokuwa nyumba ya kulala wageni, iligeuzwa vibanda vya biashara mwanzoni mwa miaka ya 1990, na riziki ya jamaa nyingi ikaanzia pale. Mtu mwenye faida ndogo humwogopa mnunuzi mjanja, avaaye kanzu arusini Jumapili na kuirejesha Jumatatu. Kosa la utungo huu si kumwogopa mjanja. Kosa ni kumweka mjanja na mdhulumiwa katika sentensi moja.

Sheria nayo haiepuki uhakiki. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa sentensi ndefu, nayo imo kabatini. Utungo wa ukutani u mbele ya macho. Sheria isiyosomwa hushindwa na ubao usomwao. Ni kweli kuwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016 na kufunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yapaswa kuamua katika siku 60, na mdai aweza kujisemea bila wakili. Lakini ni nani aachaye kibarua chake ili akadai viatu vya shilingi 1,500? Mzigo wa kuitekeleza sheria umetwikwa yule mwenye nguvu kidogo.

Dawa naiona katika neno moja. Serikali na iagize kila duka liandike, "Mali nzima ikishauzwa hairudishwi." Kwa neno hilo la nne mwuzaji hapotezi kinga yake ya haki, na mnunuzi aijua yake kabla ya kulipa.

Hata siku hiyo ifike, ikague mali ungali dukani, na uombe risiti, kwani wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kitu kikiwa kibovu, kirudishe upesi na useme kwa adabu, bila matusi na bila woga. Na upitapo Eastleigh, yasome maneno matatu yaliyo ukutani, kisha ulitie la nne kwa kinywa chako.