«Tarehe haiwezi kuwa mbele ya leo»: leo ya nani?

Wenzangu munaopita na telefone kwa mashamba, munajua ule ujumbe: «Tarehe haiwezi kuwa mbele ya leo». Ni sisi wenyewe tunauandikaka ndani ya fomu za KoboToolbox, kwa sharti fupi: . <= today(). Inaonekana ni akili sana. Mtu hawezi kukuambia leo kama alipanda kesho.

Lakini ile «leo» fomu inaitoa wapi? Kwa saa ya telefone, basi. Msimu A mmoja, hapa Makobola, telefone ya mwenzetu ilizimika usiku, batri ilikuwa ya zamani. Asubuhi ikawaka na tarehe ya miaka ya nyuma, na kule kwa milima hakukuwa rezo ya kuirekebisha. Mama mmoja akasema alipanda mahindi tarehe 20 mwezi wa tisa. Fomu ikakataa. Akaulizwa tena, akarudilia ile ile. Mara ya tatu akaanza kujishuku mwenyewe: «Pengine niko nasahau.» Mwishoe mwenzetu akaweka tarehe yoyote ambayo fomu inakubali, sababu watu wengine walikuwa wanangoja.

Ile fomu niliiandika mimi. Tarehe ya mama ilikuwa ya kweli, saa ndiyo ilikuwa ya uongo, na mimi nilikuwa nimeipa saa haki ya kuhukumu.

WhatsApp inafanya vizuri kuliko sisi: tarehe ikiharibika, inakuambia saa ya telefone yako si sawa, irekebishe. Inashitaki telefone, haishitaki mtu. Fomu zetu, sharti likivunjika, kwa kawaida zinafunga tu njia.

Kwa ofisi kuko kosa lingine. Telefone ikikimbia mbele miezi mine, ankete ya mwezi wa kumi inaonekana ya mwezi wa pili, na shamba la msimu A linahamia msimu B. Kuko wanaoona ile na kufuta mstari mzima. Sasa kama liste ya mbegu inatoka mule ndani, jina la mkulima nalo limeenda. Wengine wanatoa miezi mine kwa mistari yote, lakini kama mtu alirekebisha saa katikati ya siku, mistari ya mangaribi inaharibika upya.

Mbele ya kufuta, tuangalie _submission_time. Hiyo haitoki kwa telefone, ni seva inaiandika wakati fomu inafika. Hakuna ankete inayoweza kufanyika nyuma ya kufika kwake, hata kama ilikaa siku tano ikingoja rezo ya Uvira ao Baraka. Na start na end, hata kama tarehe ni mbaya, bado zinaonyesha mazungumuzo yalichukua dakika ngapi, kama saa haikuguswa katikati. Muangalie tu: seva inaandika kwa UTC, na Kivu Kusini tuko saa mbili mbele. Nimeona watu wanatoa moja kwa ingine ndani ya Excel, wanapata saa mbili za «wakati ujao», wanasema mtu wa ankete amedanganya!

Tena si kila tarehe ya mbele ni kosa. Ukiuliza muhogo utang'olewa lini, jibu la kweli ni mwaka kesho. Sharti lile ukilibandika kila mahali, unamkataza mkulima kupanga.

Siku hizi fomu yangu inaanza na kuonyesha tarehe ya telefone na kuuliza: ni kweli? Tarehe ikipita «leo», haifungi. Inauliza swali moja zaidi, jibu linabaki vile lilisemwa, na rekebisho linakaa kwa kolone yake, na jina la aliyelifanya. Inaongeza kazi, sikatai.

Ya yule mama ilikuwa imechelewa. Tarehe 20 haikuandikwa kwa mstari wake hata mara moja, na hakuna seva ya kuirudisha.