Meli ya makumbusho: iachwe ielee au ipandishwe nchi kavu?

Nimezuru meli mbili za makumbusho nchini Uingereza, na nimerudi na maoni ambayo sikuyategemea: ile ambayo haielei tena ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Tuanze na inayoelea. HMS Belfast ni manowari iliyoshushwa majini mwaka 1938. Iko mto Thames jijini London, karibu na Tower Bridge, na ni makumbusho tangu 1971. Kwa hisia, haina mpinzani. Unashuka ngazi za chuma, sitaha baada ya sitaha, hadi vyumba vya boila na injini vilivyo chini ya usawa wa maji. Mabomba kila upande, yaani hata kugeuka ni kazi. Hapo ndipo unaelewa kwamba mabaharia waliishi ndani ya mashine. Video haikupi hilo.

Lakini meli inayoelea haiwezi kukuonyesha tumbo lake kwa nje, na vita ya sasa inapiganwa huko. Chuma kikiwa majini hupoteza elektroni, oksijeni huzipokea, na chumvi huharakisha mchezo mzima. Matokeo ni kutu. Rangi huzuia maji yasifike kwenye chuma, na vipande vya zinki hufungwa tumboni ili viliwe kwanza. Vyote viwili huisha. Mafundi wa pwani yetu wanalijua somo hili, ingawa adui wa jahazi ni wadudu wanaotoboa mbao: chombo hupandishwa, hupigwa kalafati, hupakwa deheni upya. Hawasubiri kivuje.

Sasa angalia USS Texas ya Marekani. Ilifanywa makumbusho 1948, ikakaa majini miaka 40 kabla ya kupelekwa chelezoni 1988. Baadaye ikavuja tena, ikawa inategemea pampu ili isizame, hadi ilipovutwa kwenda Galveston mwaka 2022 kubadilishiwa mabati ya tumbo. Wageni walikuwa wakitazama mizinga huku meli ikiyeyuka chini yao.

Ya pili niliyozuru ni SS Great Britain, meli ya chuma ya Brunel iliyoshushwa majini 1843. Ilirudishwa Bristol mwaka 1970 ikiwa gofu, ikawekwa kwenye chelezo kilekile ilimojengwa. Hata hapo kutu haikukoma, kwa sababu chumvi iliyojificha ndani ya chuma hunyonya unyevu wa hewa. Suluhisho lao: paa la kioo kwenye usawa wa maji, na chini yake mashine zinazokausha hewa hadi unyevu wa asilimia 20. Unatembea chini ya meli, unaona matundu kwa macho yako, unahisi hewa kavu. Tiba yenyewe imekuwa onyesho.

Je, zote zipandishwe? Hapana. Gharama ni kubwa, na meli iliyokaushwa haitikisiki tena chini ya miguu yako. Hilo ni pengo la kweli. Ombi langu ni dogo: kila meli inayoelea iweke pampu zake, zinki iliyoliwa na vipimo vya unene wa chuma mbele ya mgeni, pembeni ya mizinga. Mtu akiona meli inaliwa, ataelewa kiingilio chake kinalipia nini.