Ufundi wa Kukosea kwa Makusudi

Anayeanza kuitazama One Cut of the Dead, filamu ya Kijapani ya mwaka 2017 iliyoongozwa na Shinichiro Ueda, ana haki ya kukereka. Kwa dakika 37 kamera haikatwi hata mara moja, na bado mambo yanapwaya. Waigizaji wanaishiwa maneno katikati ya mazungumzo. Mmoja anatoka nje ghafla bila sababu. Msichana anapiga ukelele usiokwisha, kisha kamera inaanguka na kulala chini huku watu wakikimbilia mbali. Wengi huzima hapo.

Wasizime. Hadithi inarudi mwezi mmoja nyuma, tunaambiwa kwamba hicho kilikuwa kipindi cha mazombi kilichorushwa moja kwa moja na televisheni, na baadaye tunayaona matukio yale yale kutoka nyuma ya kamera. (Nimeshakuharibia kidogo, lakini hakuna namna ya kuusifu ufundi huu bila kuugusa.) Kumbe aliyetoka nje alibanwa na tumbo la kuhara. Kumbe mpiga kamera mgongo ulimkatikia, msaidizi wake akaiokota mashine na kuendelea. Kreni ya picha ya mwisho inapoharibika, watu wanapandana ili kamera ifike juu.

Hapo ndipo ninapovua kofia. Kukosea ni rahisi. Kazi ni kutunga kosa linaloonekana la kweli, kuficha sababu yake kwa muda mrefu, kisha kulilipa kwa kicheko. Na katika shoti isiyokatwa, mmoja akichelewa tu, wote wanaanza upya. Haya yalifanywa kwa takriban yeni milioni 3, na waigizaji wasio na jina.

Lakini sikutishika hata kidogo, na hilo linanisumbua. Mwongozaji Wes Craven, katika filamu yake Scream ya mwaka 1996, alituletea vijana wanaozijua kanuni zote za filamu za kutisha, na bado simu ikilia pale mwanzoni moyo unaruka. Ueda ameitoa hofu yote kafara. Tena sehemu ya katikati, ya maandalizi, inajikokota.

Kwa hiyo anayetaka kukosa usingizi atafute nyingine. Anayependa kazi ya mikono aitazame mpaka mwisho, kisha azirudie zile dakika 37 za kwanza pekee.