Ukali wa Mdatoga uko kwenye jeni?

Ukishuka kutoka Karatu mjini kwenda Mangola, karibu na Ziwa Eyasi, utawakuta Wahadzabe, wanaowinda na kuchimba mizizi, na majirani zao Wadatoga, wafugaji. Mwaka 2015 Marina Butovskaya wa Urusi na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha kwenye jarida la PLoS ONE utafiti juu ya wanaume 210 wa Kihadzabe na 229 wa Kidatoga. Kuusoma ni bure, na nakuomba uusome. Ila usiumeze wote.

Hoja yao ni hii. Testosteroni ni kama ufunguo, na kufuli lake ni kipokezi kilichomo ndani ya seli, zikiwemo seli za amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu na hasira. Kwenye jeni ya kipokezi hicho herufi CAG hujirudia. Zikijirudia mara chache, kipokezi huwa chepesi kuitika. Wakakuta kwamba wenye marudio machache waliripoti ukali zaidi, na Wadatoga waliripoti ukali kuliko Wahadzabe.

Hapo kwenye "waliripoti" ndipo ninapokwama. Hakuna aliyepima kipokezi ndani ya ubongo wa mtu. Watu waliulizwa maswali, wakajibu. Na hebu jaribu kukitaja kwa Kiswahili kile kilichoulizwa: uchokozi? ugomvi? ujeuri? ukali? Mfugaji akikuambia yeye ni mkali, huenda anajisifu tu kwamba ng'ombe wake hawaguswi. Kwa Wahadzabe mkigombana, mmoja anahama kambi, yameisha. Kujiita mkali pale ni sifa ya nini?

Tuwatendee haki: umri na kabila waliviingiza kwenye hesabu, si watu wa kukurupuka. Lakini msomaji wa haraka haoni hesabu, anaona kabila. Wadatoga tayari wanabeba jina "Mang'ati", walilopewa na Wamasai, maana yake adui. Na ni Wamasai hao hao waliowatoa kreta ya Ngorongoro karne ya 19. Leo mtu akiongeza "na sayansi imethibitisha", nani atamjibu?

Mimi ningeusoma pamoja na utafiti wa 2009 wa Martin Muller, Frank Marlowe na wenzao, kwa makabila hayo hayo mawili. Kwa Wahadzabe, ambao baba hukaa na kulea watoto wadogo, wenye watoto walikuwa na testosteroni ndogo kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao kazi hiyo wengi huwaachia mama, tofauti hiyo haikuonekana. Yaani ufunguo wenyewe unapungua kwa kubeba mtoto, jeni ikiwa ile ile aliyozaliwa nayo baba.