Bawaba na Komeo za Dirisha Mbele ya Upepo wa Kusi

Mwenye nyumba Mtwara akiingia duka la vifaa vya ujenzi, swali lake la kwanza huwa ni rangi: dhahabu, fedha au nyeusi? Muuzaji naye hufurahi, maana rangi ndiyo rahisi kuuza. Lakini kusi ikianza kuvuma, umande wa bahari hufika hadi madirisha ya Shangani, na huko Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, nyumba zimekaa mchangani jirani kabisa na maji. Kwa nyumba hizo cha kuuliza kwanza ni kilichomo chini ya mng'aro.

Sumaku ndogo mfukoni inatosha kuanzia. Shaba ya njano, ambayo ni shaba iliyochanganywa na zinki, haishikwi na sumaku. Bawaba ya "dhahabu" inayonasa ni chuma kilichovishwa ngozi nyembamba, na kutu yake itachuruzika ukutani. Hata hivyo sumaku haimalizi kazi, kwa sababu komeo nyingi za bei nafuu ni za zinki ya kumiminwa, nayo pia hainasi. Hapo mnunuzi aigeuze komeo achungulie ndani ya tundu la skrubu, mahali ambapo mvisho hufika kwa shida: kijivu kikionekana pale, dhahabu ni ya juujuu. Asisahau pini ya bawaba. Mara nyingi mabawa ni shaba halisi na pini ni chuma kitupu, na pini hiyo ndiyo inayoganda kwanza.

Stenlesi nayo si ya aina moja. Namba 316 ina molibdeni ya asilimia 2 hadi 3, inayoisaidia kuhimili chumvi. Namba 304 hutoka madoa ya kahawia ikikaa karibu na mawimbi. Bei ya 316 inauma, lakini kwa Msimbati hakuna mjadala.

Baada ya hapo ndipo mtindo unapata nafasi yake. Mikindani, mji wa nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, wenye Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 na ambalo sasa ni hoteli, unadai shaba au chuma cheusi kwenye madirisha yake ya mbao. Komeo ya kromu inayometameta pale inakaa kama miwani ya jua juu ya kilemba. Shaba ikiachwa huiva kuwa kahawia, pengine na ukijani kidogo, na utando huo unaikinga. Anayependa kuisugua kwa ndimu na majivu asugue, ingawa kila akisugua anaondoa kinga hiyo. Cha kuogopa ni mabaka ya waridi: zinki imeshatoka, na bawaba inaweza kukatika.

Mtwara mjini ni habari nyingine. Mji huu ulipanuka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza na bandari yake, na nyumba zake nyingi hazina nakshi za Mikindani. Stenlesi isiyong'arishwa sana inazifaa, au nyeusi iliyotulia. Kwa madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, kishikio kifuate rangi ya fremu, basi. Rangi ya kuokwa ikaguliwe kwenye pembe na palipokatwa, kwani huko ndiko huanza kubanduka.

Zimebaki skrubu. Zile zinazokuja kwenye pakiti na bawaba ya shaba huwa mara nyingi chuma kilichopakwa rangi, na penye chumvi chuma hicho huliwa haraka kikigusana na shaba. Zipimwe kwa sumaku ileile. Skrubu za shaba halisi ni laini na hukatika kichwa zikilazimishwa kwenye mkongo au mninga, kwa hiyo fundi atoboe kwanza, apitishe skrubu ya chuma ya saizi hiyohiyo, aitoe, ndipo afunge ya shaba.