Sinigang si Supu ya Ukwaju

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Lakini orodha ya vyakula nayo ni matini, na ikiwa imefasiriwa inastahili mhakiki. Ninayoizungumzia hapa ni ya mgahawa mmoja wa Kifilipino mtaani Karama, Dubai, ambako migahawa ya namna hiyo ni mingi kwa kuwa Wafilipino wengi wanafanya kazi katika mji huo. Nilikuwa narudi Kampala kutoka Manila, nikawaomba marafiki wawili wanaoishi huko, mmoja Mzanzibari na mwingine Mganda mwenzangu, tuutafute tena ule uchachu niliouzoea safarini.

Katika orodha hiyo sinigang imefasiriwa kwa Kiingereza kuwa supu ya ukwaju. Hapa ndipo penye kasoro. Jina hili linatokana na mzizi wa Kitagalog, sigang, wenye maana ya kuchemsha chakula katika mchuzi. Ukwaju haumo kabisa katika jina. Mpishi hujichagulia cha kutia uchachu: ukwaju, embe bichi, mapera, au kamias, ambazo si kitu kingine ila mbirimbi. (Mzanzibari wetu alicheka sana kusikia mbirimbi zimefika hadi huko.) Mfasiri amekamata kiungo kimoja akakifanya kuwa ndicho chakula chenyewe. Na jikoni, kwa bahati mbaya, wamemfuata mfasiri: bakuli tuliloletewa lilikuwa na ladha ya unga wa pakiti, inayouma ncha ya ulimi kisha ikatoweka.

Adobo imeelezwa kuwa ni chakula cha Kihispania. Neno ni la Kihispania, hilo halina ubishi. Hata hivyo, Pedro de San Buenaventura, katika kamusi yake ya Kitagalog iliyochapishwa mwaka 1613, aliutaja upishi huo kuwa adobo ya wenyeji. Yaani mgeni aliukuta upishi wa siki, akauona unafanana na wa kwao, akaupa jina alilolijua. Neno samaki tumelipata kutoka Kiarabu, lakini nani atasema watu wa pwani waliwangoja Waarabu ndipo wakavua? Adobo yenyewe, ya kuku, ilikuwa nzuri mno: siki, kitunguu saumu na pilipili manga, mchuzi ukakaushwa hadi ukaganda kwenye nyama.

Mganda mwenzangu alipinga uhakiki huu palepale mezani. Mteja mwenye njaa, alisema, hataki somo la isimu. Anataka kujua anaagiza nini. Hoja yake ina uzito. Nilimuuliza iwapo angeridhika kuona luwombo imeandikwa "mchuzi wa kuku", bila kutajwa jani la mgomba linalofungiwa chakula hicho. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hapana, hata kidogo.

Pendekezo langu ni kuliacha jina lilivyo na kulifuatisha maelezo mafupi: "Sinigang: nyama au samaki na mboga katika mchuzi wenye ugwadu wa matunda." Maneno hayo machache yanamtosha mteja, na yanamwachia mpishi uhuru wake wa kuchagua tunda. Urojo wa Zanzibar, ambao watalii huuziwa kwa jina la Zanzibar mix, una tatizo hilohilo. Wanafunzi wa tafsiri wajaribu kuuandikia maelezo yasiyozidi maneno kumi na mawili, nasi tutayajadili darasani.