John Prine na Uhuru wa Kunyamaza

Msikilizaji wa Kenya aliyelelewa na sauti ya Jim Reeves redioni ameuzoea muziki wa kantri kuwa ni muziki wa sauti laini na majonzi ya mapenzi. John Prine, aliyezaliwa mwaka 1946 huko Maywood, karibu na Chicago, hakujaliwa ulaini huo. Sauti yake ilikwaruza tangu ujanani. Hata hivyo kazi yake yazusha swali ambalo mhakiki hana budi kulikabili: je, msanii anayemiliki kampuni itoayo santuri zake hutunga vizuri zaidi kuliko yule aliye chini ya mkataba wa wakubwa?

Wapenzi wa Prine aghalabu hujibu kwamba ndivyo. Baada ya kutoa santuri nne kwa Atlantic na tatu kwa Asylum, mwaka 1981 alianzisha Oh Boy Records pamoja na meneja wake Al Bunetta na Dan Einstein. Wasikilizaji walipeleka fedha kwa posta, wakalipia santuri kabla haijatoka. Kwa mtu aliyepata kuchuma riziki yake kwa kupeleka barua nyumba hadi nyumba, hapana biashara iliyomstahili zaidi.

Lakini tungo zenyewe zinalikanusha jibu hilo. “Sam Stone”, “Hello in There”, “Paradise” na “Angel from Montgomery” zote zimo katika santuri moja, ile ya kwanza, iliyotolewa na Atlantic mwaka 1971. Tuuchukue huo wa mwisho. Mtunzi ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Msemaji katika wimbo ni mwanamke aliyechakaa katika ndoa iliyokwisha maneno. Prine hamsimulii mwanamke huyo kutoka nje, wala hamwombei huruma. Anampa ulimi, kisha anajitenga. Vivyo hivyo katika “Sam Stone”: askari anarudi kutoka vitani akiwa mtumwa wa dawa za kulevya, na jambo zito kuliko yote, yaani fedha za nyumba zilikokwenda, linawekwa katika kinywa cha mtoto. Hakuna hotuba dhidi ya vita. Nyimbo nyingi za Marekani za miaka ile zilizojaa hotuba zimekwisha kuchujuka. Huu ungali unachoma.

Basi kampuni yake ilimpa nini? Kwa maoni yetu, ilimpa haki ya kunyamaza. Santuri zake za nyimbo mpya zilitoka mwaka 1995, kisha 2005, kisha 2018. Hapo katikati aliimba zaidi nyimbo za wengine. Mikataba ya makampuni makubwa kwa kawaida hudai kazi kwa ratiba, na mtunzi mkavu hulazimika kukamua jiwe. Prine hakulazimika. Hata saratani ya shingo ilipompata, na upasuaji wa mwaka 1998 ukaishusha sauti yake, hakuwako mkubwa wa kumwambia kwamba sauti ile haiuziki. *The Tree of Forgiveness* ya mwaka 2018 ilifika nafasi ya 5 katika orodha ya Billboard ya Marekani, nafasi ambayo hakuwahi kuifikia alipokuwa na wakubwa hao.

Uhuru huo ulikuwa na dosari yake. Mzaha, ambao ni silaha kali ya Prine, wakati mwingine humponyoka ukawa kichekesho tu, na mtu anayejitolea santuri zake mwenyewe hukosa wa kumkatiza. Si ajabu kwamba *The Missing Years* ya mwaka 1991, iliyompatia tuzo ya Grammy, ilisimamiwa na mgeni, Howie Epstein, mpiga besi wa bendi ya Tom Petty. Sikio la nje lilihitajika.

Prine alifariki Nashville tarehe 7 Aprili 2020 kwa ugonjwa wa korona. Wimbo unaofunga santuri yake ya 2018, “When I Get to Heaven”, ni wa mzee anayepanga starehe zake za peponi, sigara ikiwamo, na mzaha haumponyoki hata mara moja. Kiitikio kinaimbwa kwa kelele za karamu. Beti haziimbwi, anazisema tu, kama mzee barazani, na pumzi yake inasikika.